Mikanda, Kenchi na Misalaba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Maumbo ya Ngao za Nembo

Watu wengi wakitazama ngao ya nembo, jicho hukimbilia wanyama: simba, tai, jogoo. Mistari iliyo nyuma yao huonekana kuwa pambo tu. Kwa wenye fani yao mambo ni kinyume. Mistari ndiyo ngao yenyewe, na zipo ngao za kifalme zisizo na mnyama hata mmoja. Majibu haya ni kwa anayetaka kuisoma ngao ya taifa lake, anayechora nembo ya shule au klabu, na aliyeambiwa kwamba kila mstari una siri yake, naye anataka kujua kama ni kweli. Mara nyingi si kweli, lakini tutafika huko.

Maumbo ya msingi ni yapi?

Ni yale makubwa, mepesi, yanayotoka ukingo mmoja wa ngao hadi mwingine. Mkanda ukichukua sehemu yote ya juu, huo ni kichwa cha ngao. Ukilala katikati, ni mkanda wa kati. Ukisimama wima katikati, ni nguzo. Ukikata pembe kwa pembe, ni mshazari. Mistari miwili ikikutana juu kama mbao za paa, ni kenchi; askari wanaijua kwa sababu tepe za vyeo begani hutokana na umbo hilohilo. Halafu kuna msalaba wa kawaida, msalaba wa X ambao huitwa wa Mtakatifu Andrea, kabari inayoshuka kutoka juu ikichongoka, na umbo la Y.

Chini ya hayo kuna madogo: pindo linalozunguka ngao, robo ya pembeni, kijingao ndani ya ngao, rombasi, mstatili mdogo, duara na pete. Eneo lililobaki wazi nyuma ya yote huitwa uwanja.

Anayejua kanga hatapata taabu hapa. Kanga ina mji, ina pindo, na ina jina. Ngao nayo ina uwanja, huweza kuwa na pindo, na chini yake hukaa utepe wa maneno: Harambee kwa Kenya, Uhuru na Umoja kwa Tanzania.

Kwa nini mistari? Si wangechora tu picha?

Kwa sababu ya umbali na vumbi. Katika kitambaa cha Bayeux, kilichotariziwa baada ya vita vya Hastings vya 1066, William wa Normandy anaonekana akiinua kofia yake ya chuma ili askari wake waone kuwa bado yu hai. Kamanda mzima analazimika kufunua uso katikati ya mapigano ili atambuliwe! Ngao zilizomo katika kitambaa hicho zina michoro, lakini hazikuwa bado alama za kudumu za mtu au ukoo.

Katikati ya karne ya 12 mambo yalikuwa yamebadilika. Kofia zilizidi kufunika uso, mashindano ya wapiganaji wa farasi yalienea, na watu wakaanza kushika alama moja maisha yao yote na kuwarithisha wanao. Mfano wa mapema unaotajwa sana ni Geoffrey wa Anjou, aliyefariki 1151: bamba la kaburi lake huko Le Mans linamwonyesha na ngao ya buluu yenye simba wa dhahabu. Yeye alichagua wanyama. Lakini simba wadogo kadhaa wanaorukaruka ni vigumu kuwahesabu kwa mbali, ilhali mkanda mweupe juu ya wekundu huonekana hata na mwenye macho mabovu.

Sababu ya pili husahaulika, nayo kwangu ndiyo nzito zaidi. Ngao ilibidi iweze kusemwa. Mtangazaji wa mashindano aliitamka, karani akaiandika, mchoraji wa mji mwingine akaichora bila kuiona ile ya asili. “Buluu, mshazari wa dhahabu.” Maneno manne, na ngao nzima umeipata. Jaribu kueleza uso wa mtu kwa maneno manne uone.

Kulia ni kulia kwa nani?

Kulia kwa aliyeibeba ngao, si kwako unayeitazama. Kwa hiyo upande wa kulia wa ngao ndio unaouona kushoto kwako. Mshazari wa kawaida huanzia juu kulia kwa mbeba ngao ukashuka chini kushoto kwake. Wewe unauona ukitoka juu kushoto kwenda chini kulia. Anayepindua jambo hili hupindua kila kitu kinachofuata, na ndilo kosa linaloongoza kwenye nembo zinazochorwa haraka.

Mkanda unatakiwa uwe na upana gani?

Vitabu vya zamani husema theluthi moja ya ngao. Wachoraji wazuri hawajali sana theluthi hiyo. Mkanda wenye kitu juu yake hupanuliwa ili kitu hicho kipate nafasi. Mkanda mtupu hupunguzwa usije ukameza uwanja. Kichwa cha ngao hasa kikipewa theluthi kamili huonekana kizito mno, kwa hiyo wengi hukipa robo hivi.

Hapa ndipo wabunifu wa kompyuta hukwama. Wanataka vipimo na namba za rangi. Heraldiki, yaani fani ya ngao za nembo, haitoi. Inatoa maelezo, na kila mchoro unaofuata maelezo hayo ni sahihi, uwe mnene au mwembamba, nyekundu iwe ya damu au ya tofali.

Mikanda mitatu ya wima na uwanja uliogawanywa wima vina tofauti gani?

Hesabu vipande. Vikiwa shufwa, mathalani sita vinavyopishana nyeupe na nyekundu, uwanja umegawanywa na hakuna rangi iliyo juu ya nyingine. Vikiwa witiri, rangi inayoanza na kumaliza ndiyo uwanja, na nyingine ni mikanda iliyolazwa juu yake. Ngao ya wafalme wa Aragon ni dhahabu yenye nguzo nne nyekundu: ukihesabu utapata vipande tisa, vitano vya dhahabu. Bendera ya Catalonia ni mikanda hiyohiyo iliyolazwa.

Marekani ilipopitisha muhuri wake mkuu mwaka 1782 ilitaka vipande 13 kwa idadi ya majimbo, na maelezo rasmi yakaandikwa kana kwamba uwanja umegawanywa vipande 13. Wenye fani wameguna tangu hapo, maana idadi ya witiri haigawanyi uwanja. Tazama pia jambo hili dogo: kwenye ngao ya muhuri vipande vyeupe ni saba na vyekundu sita, ilhali kwenye bendera vyekundu ndivyo saba. Na kichwa cha ngao ile ni buluu tupu. Anayekijaza nyota ameichanganya na bendera.

Ile kanuni ya rangi inasemaje?

Rangi zimepangwa katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni metali: dhahabu, ambayo huweza kuchorwa njano, na fedha, ambayo huchorwa nyeupe. La pili ni rangi zenyewe: nyekundu, buluu, nyeusi, kijani na zambarau. Kanuni ni kwamba metali haikai juu ya metali, na rangi haikai juu ya rangi. Pembeni kuna manyoya, kama ile nyeupe yenye vijimkia vyeusi unayoiona kwenye majoho ya wafalme, na hayo hukaa popote.

Sababu ni ya macho tu. Nyekundu juu ya nyeusi hupotea mtu akiwa mbali. Njano juu ya nyeupe vilevile.

Sasa chukua ngao ya Kenya. Juu ni nyeusi, chini ni kijani, katikati umepita mkanda mwekundu, na juu ya mkanda huo yupo jogoo mweupe aliyeshika shoka. Jogoo mweupe juu ya nyekundu: metali juu ya rangi, sawa kabisa. (Kwamba jogoo ndiye aliyekuwa alama ya chama cha KANU, kila Mkenya wa makamo anajua.) Lakini mkanda mwekundu unagusana na nyeusi juu na kijani chini, rangi juu ya rangi. Dawa yake ni ile mistari miwili myembamba myeupe iliyopita kati yao. Serikali hueleza kwamba weupe ule ni amani, na ni sawa; wakati huohuo unafanya kazi ambayo bila yake mkanda mwekundu ungezama.

Ukishaona ujanja huo kwa Kenya, utauona kila mahali. Bendera ya Tanzania ya 1964 ina mshazari mweusi kati ya kijani na buluu, na mistari ya njano imeutenga pande zote mbili. Bendera ya Kongo ya Kinshasa ya 2006 ina mshazari mwekundu juu ya buluu, na njano pembeni. Bendera ya Burundi imekwenda njia fupi zaidi: msalaba wa X wenyewe ni mweupe, ukaweka nyekundu juu na chini, kijani kulia na kushoto, na duara jeupe katikati. Msalaba wa X na duara, maumbo mawili ya kale kabisa ya heraldiki, hapo Burundi.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa ya Afrika Kusini mwaka 1994. Bendera ile yenye Y ilibuniwa na Frederick Brownell, aliyekuwa ofisa mkuu wa heraldiki wa nchi hiyo, na haishangazi: Y ya kijani imetengwa na nyekundu na buluu kwa nyeupe, na imetengwa na nyeusi kwa dhahabu. Rangi sita katika bendera moja, na bado inasomeka kwa mbali.

Wapo wanaovunja kanuni kwa kusudi. Maarufu ni ufalme wa wapiganaji wa msalaba huko Yerusalemu, uliotumia misalaba ya dhahabu juu ya fedha. Bendera ya Vatikani nayo ni njano na nyeupe.

Nimesikia mshazari wa upande wa kushoto ni alama ya mwana wa nje ya ndoa. Je, ni kweli?

Ni hadithi iliyokua kuliko ukweli wake. Ukweli ni kwamba Uingereza kijiti chembamba cha mshazari wa kushoto, kilichokatwa pande zote kisifike ukingoni, kilitumika kwa baadhi ya wana wa wafalme waliozaliwa nje ya ndoa. Baadhi ya wana wa Charles wa Pili walipewa. Lakini mwanawe mwingine, Duke wa Richmond, alipewa pindo la vipande vyeupe na vyekundu. Ukoo wa Beaufort, watoto wa John wa Gaunt na Katherine Swynford, ulitumia pindo la nyeupe na buluu. Na Scotland pindo huwekwa kwa vijana wa ukoo waliozaliwa ndani ya ndoa halali kabisa, ili kumtofautisha mdogo na mkubwa. Kwa hiyo umbo lilelile linaweza kuwa heshima kwa mmoja na fununu kwa mwingine, kutegemea nchi na karne.

Ama mshazari kamili wa kushoto, unaofika ukingo kwa ukingo, huo ni umbo halali kama mengine. Bendera za Tanzania na Kongo zote zinao: anza chini upande wa mlingoti, panda hadi juu upande wa pili. Hakuna wa kumsuta.

Basi kila umbo lina maana gani?

Utakuta orodha tele: kenchi ni ulinzi, mkanda wa kati ni mshipi wa heshima, msalaba wa X ni ustahimilivu, nyekundu ni ushujaa. Orodha hizi ziliandikwa na watunzi wa karne za baadaye waliopenda mafumbo, si na watu wa karne ya 12 waliozivaa ngao zenyewe. Mpiganaji alichagua kenchi kwa sababu jirani yake alikuwa ameshachukua mshazari.

Mara nyingine umbo hutangulia na hadithi hufuata. Ngao ya Austria ni nyekundu yenye mkanda mweupe wa kati. Husimuliwa kwamba Duke Leopold wa Tano alitoka vitani katika mji wa Akka, Palestina, mwaka 1191 kanzu yake nyeupe ikiwa imelowa damu yote, na alipovua mshipi chini yake pakawa peupe. Hadithi tamu. Ila ngao hiyo inaanza kuonekana wazi kwenye muhuri wa 1230, kizazi kimoja na zaidi baada ya Leopold.

Hii haina maana kwamba maumbo hayawezi kamwe kuwa na maana. Mbunifu akisema mwenyewe, tunamsikiliza. Charles Thomson, katibu wa Bunge la Marekani, alieleza mwaka 1782 kwamba nguzo 13 ni majimbo yaliyoungana, na kichwa cha buluu kinachozifunga pamoja ni Bunge. Hapo umbo lenyewe linaeleza hoja: nguzo zinabeba, kichwa kinaunganisha. Ngao ya Tanzania nayo imeelezwa rasmi, mawimbi ya buluu na nyeupe yaliyo chini yakiwa maji na nchi yake, na ya Uganda ina mawimbi ya Ziwa Victoria sehemu ya juu. Kanuni yangu ni rahisi: maana iulizwe kwa mwenye ngao. Jedwali la maana za maumbo yote usilinunue.

Watu wawili wakiwa na umbo moja na rangi moja, nani anashinda?

Swali hili liliwahi kuamuliwa mahakamani, tena kwa kelele nyingi. Mwaka 1385 mfalme Richard wa Pili aliongoza jeshi kwenda Scotland, na huko Sir Richard Scrope wa Bolton akamkuta Sir Robert Grosvenor wa Cheshire amebeba ngao ileile ya kwake: buluu, mshazari wa dhahabu. Kesi ikafunguliwa katika mahakama ya mambo ya wapiganaji, ikachukua miaka mitano na mashahidi mamia.

Mmoja wao alikuwa mshairi Geoffrey Chaucer. Ushahidi wake wa 1386 umehifadhiwa. Alieleza kwamba alikuwa akipita mtaa wa Friday Street, London, akaona ubao mpya wenye ngao hiyo umening'inizwa nje. Akauliza ni nyumba gani ya wageni iliyotundika ngao ya Scrope. Akajibiwa: hapana bwana, hiyo si ya Scrope, imechorwa hapo kwa ajili ya mpiganaji wa Chester aitwaye Sir Robert Grosvenor. Chaucer akasema hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kumsikia mtu huyo. Mshazari mmoja, ameuona akiwa anatembea, na papo hapo akajua ni wa nani. Au alidhani anajua.

Mahakama ilimpa Scrope ushindi, ikamruhusu Grosvenor abaki na mshazari wake mradi auzungushie pindo jeupe. Rufaa ikaenda kwa mfalme. Mwaka 1390 Richard akakataa: pindo ni tofauti inayomfaa ndugu wa damu, si mtu baki. Grosvenor akavuliwa mshazari moja kwa moja, akachukua mganda wa ngano wa dhahabu juu ya buluu. Ukoo haukusahau. Zaidi ya karne nne baadaye mkuu wa ukoo huo, Duke wa Westminster, alimwita farasi wake Bend Or, yaani mshazari wa dhahabu, na farasi huyo akashinda mbio za Derby mwaka 1880.

Jambo la kuchekesha ni kwamba alikuwepo mtu wa tatu, Carminow wa Cornwall, mwenye ngao hiyohiyo, na Scrope alishawahi kugombana naye. Wote wawili waliachiwa.

Duara na rombasi hutumikaje?

Duara lina tabia ya pekee. Kwa Waingereza jina lake hubadilika kufuatana na rangi: la dhahabu lina jina lake, la fedha lake, jekundu lake. Usipoyajua, taja rangi tu na utaeleweka. Maduara mashuhuri kuliko yote ni ya ukoo wa Medici wa Florence, mekundu juu ya dhahabu. Idadi yake ilibadilikabadilika kwa vizazi, na mwaka 1465 mfalme wa Ufaransa aliwaruhusu kugeuza moja kuwa la buluu lenye mayungiyungi yake. Wapo wanaosema ni vidonge kwa kuwa jina la ukoo linafanana na neno la Kiitaliano la madaktari; wengine husema ni sarafu za benki yao. Ushahidi haupo wa kuegemea upande wowote.

Karibu na kwetu, ngao ya Ureno ina vijingao vitano vya buluu, kila kimoja na maduara matano meupe. Nguzo za mawe walizosimamisha mabaharia wa Kireno ufukweni mwa Afrika zilichongwa ngao ya mfalme wao, na Vasco da Gama alisimamisha moja Malindi.

Rombasi ikijazwa uwanja mzima huwa chandarua cha rangi. Bavaria wanayo, nyeupe na buluu, wakiwa wameirithi kutoka kwa ukoo wa Bogen uliokwisha mwaka 1242; ndizo rangi unazoziona kwenye nembo ya BMW. Nafasi ya pili ya rombasi ni kubeba nembo ya mwanamke. Kwa kuwa ngao ni kitu cha vita, Uingereza na nchi nyingine ziliweka nembo ya mjane au ya msichana asiyeolewa kwenye rombasi. Wachoraji hawaipendi, maana pembe zake nyembamba hubana kila kitu, na Uingereza masharti hayo yalilegezwa miaka ya 1990.

Ukingo wa mkanda lazima unyooke?

La. Unaweza kuwa wa mawimbi, wa meno ya msumeno, wa mapengo kama ya ukuta wa ngome, wa mawingu, au wa nusu duara zilizopangana ncha zikitazama nje. Hii ni njia ya bei nafuu ya kutofautisha ngao mbili zinazofanana. Finland katika karne ya 20 walibuni ukingo wa miti ya misonobari kwa ngao za miji na wilaya zao, na ni kati ya mambo mazuri yaliyofanywa katika fani hii siku za karibuni. Halazimiki Mwafrika kuchora mapengo ya ngome ya Ulaya.

Nje ya Ulaya hakukuwa na kitu kama hiki?

Kilikuwepo. Masultani na maamiri wa Kimamluki (utawala wa askari waliotokana na watumwa) wa Misri na Sham, kati ya karne ya 13 na 16, walikuwa na nembo za duara ambazo mara nyingi ziligawanywa kwa mkanda wa kati kuwa sehemu tatu. Ndani yake waliweka alama ya cheo: kikombe kwa mnyweshaji wa sultani, kasha la kalamu kwa katibu, na umbo la rombasi kwa mtunza mavazi, likiwa ni kile kitambaa cha kufungia nguo. Utaziona kwenye vyombo vya shaba na kuta za misikiti ya Kairo. Nembo ya Oman, khanjari na panga mbili zilizopishana, haina ngao kabisa, kwa hiyo kanuni za mikanda haziihusu.

Ngao za Wamaasai nazo zilichorwa kwa nyekundu, nyeusi na nyeupe, na michoro hiyo ilimwambia mtazamaji shujaa huyu ni wa kundi na rika gani. Ngao ya Kenya imechukua umbo la ngao za aina hii, iliyochongoka juu na chini; kilichopakwa ndani yake ni mkanda wa heraldiki.

Nikinunua “ngao ya ukoo” mtandaoni, ni yangu?

Si yako. Hakuna ngao ya jina la ukoo. Ngao hupewa mtu na hurithiwa na uzao wake, na watu mia wenye jina moja wanaweza wasiwe na haki nayo hata mmoja. Scotland, ambako sheria ya 1672 bado inafanya kazi, kutumia ngao ya mwingine kunaweza kukupeleka mahakamani.

Kusajili yako inawezekana. London kuna chombo cha tangu 1484. Afrika Kusini ofisi yake ilianza 1963, na Kanada 1988. Kenya nayo ilitunga sheria ya kusajili ngao mwaka 1968. Ngao za taifa ni habari nyingine: Kenya na Tanzania zote zina sheria zinazozuia kuzitumia kibiashara bila kibali, kwa hiyo usimnyofoe jogoo wala bibi na bwana ukawabandika kwenye nembo ya kampuni.

Nataka kuchora ya klabu yetu. Nianzie wapi?

Uwanja mmoja, umbo moja kubwa, rangi mbili, moja ya metali. Ukiongeza vitu vitatu na kenchi, viwili vikae juu na kimoja chini, kwa sababu ngao hupungua upana ikishuka. Usiweke maandishi ndani ya ngao. Kitabu, mwenge, mlima, jembe na mpira vyote kwa pamoja ndivyo vinavyoua nembo nyingi za shule, chagua kimoja. Kisha mwambie mtu kwa simu jinsi ilivyo, naye aichore. Mchoro wake ukifanana na wako, umefaulu.

Muhuri wetu ni wa wino mmoja. Rangi zitajulikanaje?

Tumia vistari. Utaratibu unaofuatwa hadi leo ulienezwa mwaka 1638 na Mjesuiti Silvester Petra Sancta. Nukta ni dhahabu. Patupu ni fedha. Vistari vya wima ni nyekundu, vya kulala ni buluu, vya wima na vya kulala vikikatana ni nyeusi. Kijani ni vya mshazari kutoka juu kulia, na zambarau ni vya mshazari kutoka juu kushoto. Kulia na kushoto, kama kawaida, ni kwa mbeba ngao.